Geji Ilipanda, Gari Halikupanda

Shemeji yangu alinipita mlima Kitonga Desemba ya 2018, tukiwa njiani kwenda ukweni Iringa kwa sikukuu. Yeye ana Forester yenye tabo. Mimi nilikuwa na Mercedes C200 Kompressor ya mwaka 2005, niliyoinunua miezi minne kabla na kuisifia mbele ya ukoo mzima. Lori la kwenda Tunduma lilipojibana pembeni kutupisha, shemeji akapiga honi mbili fupi, akapita. Nami nikakanyaga mafuta mpaka chini. Kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye injini ya Benz kama tabo inavyofanya kwenye Forester, ikatoa mluzi wake, mshale wa mizunguko ukafika 5,000, na gari likawa kama limefungwa kamba kwa nyuma. Nilimkuta Ilula ameshapaki, mkononi ana mfuko wa nyanya. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Niliporudi Dar nilikuwa na wazo moja tu kichwani: kuongeza busti, yaani ile presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini kupita presha ya hewa ya nje.

Kwa asiyelijua gari hili, ile namba 200 iliyobandikwa kwenye buti isikudanganye. Injini yake ni CC 1,796. Injini hiyohiyo, M271, iliyoanza kutoka mwaka 2002, ilifungwa kwenye C180 Kompressor ikatoa nguvu farasi 143, kwenye C200 ikatoa 163, na kwenye C230 ikatoa 192. Silinda nne zilezile, ujazo uleule. Kinachowatenganisha ndugu hao watatu kwa sehemu kubwa ni hewa wanayolishwa na kompyuta inayosimamia ulishaji wenyewe. Mtu akishayajua hayo, tena ana shemeji mwenye Forester, hesabu anaipiga haraka: kama kaka yake anafika 192, hili langu limenyimwa nini?

Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikanunua geji ya busti, ile ya mshale ambayo upande mmoja inasoma vakyumu, yaani hewa iliyo chini ya presha ya nje, na upande wa pili presha. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniongezea kidude cha shaba chenye kichwa cha kuzungusha kwa vidole. "Bosi, hiki ndicho kinachopandisha busti. Watu wa Subaru wote wanakuja kwangu." Nikalipa, bila kujiuliza mimi nimekuwa mtu wa Subaru lini.

Geji fundi aliifunga kwa nusu saa. Kile kidude cha shaba kikamshinda. Aliinama chini ya boneti, akatoka, akainama tena, akaomba tochi. Alikuwa anatafuta westigeti. Benchi la pili alikuwepo fundi mtu mzima, wa zamani sana kwenye Benz, ambaye pale gereji kila mtu anamwita Mzee tu. Nilikuwa nimempa shikamoo asubuhi, akaniitikia bila kuinua kichwa kutoka kwenye gia boksi yake. Sasa akainua.

"Wewe kijana, unatafuta nini humo?"

"Westigeti, mzee."

"Basi endelea kumkamua beberu. Jioni utuletee chai ya maziwa."

Watu walicheka, nami nikacheka, ila kwa kweli sikuelewa. Nilikuja kuelewa baadaye kwa kumuuliza, tena taratibu, maana Mzee hapendi kuulizwa akiwa na spana mkononi. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ukitaka ipunguze kasi unafungua mlango mdogo, ndiyo hiyo westigeti, moshi unapita pembeni bila kuligusa gurudumu la tabo. Kile kidude cha shaba kazi yake ni kuudanganya mlango huo kwamba presha bado ni ndogo, ili uchelewe kufunguka. Kompresa ya Benz haijui habari za moshi. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini ikizunguka mara 1 nayo inazunguka kwa uwiano wake uleule, iwe gari limesimama kwenye foleni au linapanda mlima. Ndani mna rota mbili zinazopokezana hewa na kuitupa mbele. Hakuna mlango wa kuudanganya.

Kilichopo ni baipasi. Ni kipepeo kinachoendeshwa na mota ndogo ya umeme, na mota hiyo inasikiliza kompyuta ya gari. Ukiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, au unatembea polepole barabara tambarare, kipepeo kiko wazi: hewa iliyotoka kwenye kompresa inazunguka na kurudi ilikotoka, hivyo rota zinazunguka bila kubeba mzigo wa maana. Ukikanyaga mafuta, kipepeo kinafunga na hewa haina budi kwenda kwenye intakula, kile kipoza hewa, kisha throtoli, mlango wa hewa unaofuata pedali ya mafuta, kisha silinda. Kati ya wazi kabisa na kufunga kabisa kuna nafasi nyingi, na hapo ndipo kompyuta inapopima busti. Wajerumani hawakuanza juzi kuwaza kompresa itulizwe vipi isipohitajika. Mercedes za kompresa za miaka ya 1920 zilikuwa na klachi, kompresa inaingia kazini pale tu dereva anapokanyaga pedali mpaka mwisho. Baadhi ya injini zilizoitangulia hii yangu nazo zilikuwa na klachi, ya sumaku. M271 ikaachana nayo, rota zikazunguka muda wote, kazi yote ya kutuliza ikabaki kwa kipepeo.

Mzee alikuwa na mfano wake, nami nimeshauiba mara nyingi tangu siku ile. "Kompresa ni konda wa daladala ya Gongo la Mboto saa 12 jioni. Kila mzunguko anasukumia ndani watu idadi ileile. Hajali kuna nafasi au hakuna. Sasa hiyo geji yako haihesabu abiria. Inapima wanavyobanana tu."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kesho yake nikaenda kuchonga puli, lile gurudumu linaloshikwa na mkanda.

Nisijifanye mjinga peke yangu, kuchonga puli ndogo ya kompresa ni njia inayojulikana. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 10, rota zinaongeza mizunguko kwa asilimia 11 hivi, na kila mzunguko unakuja na hewa yake. Fundi wa kereza aliifanya kazi safi kabisa, sina neno naye. Puli ya zamani ikatolewa kwa pula, mpya ikaingia, mkanda ukarudishwa uleule. Kwa kuwa puli ilikuwa ndogo, mkanda ulilegea kidogo, lakini tenshona, kile kikaza mkanda, ikaufuata na fundi akasema uko sawa.

Kabla ya puli, geji ilikuwa inafika bar 0.4 kwenye mizunguko 3,500, halafu inashuka. Niliiona inashuka. Kwenye 5,000 ilikuwa 0.25 hivi. Lakini macho ya mtu mwenye geji mpya yanatazama namba kubwa tu, na namba kubwa ilikuwa 0.4. Jibu la mlima Kitonga lilikuwa pale mbele ya uso wangu siku ya kwanza kabisa, nami nikalilipia kulifunika.

Baada ya puli, 0.55. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka Kibaha na kurudi bila sababu. Ukikanyaga, mshale unaruka mpaka 0.55, mgongo unasukumwa kwenye kiti, kisha, kabla hujamaliza kutabasamu, unarudi 0.4 na kukaa hapo. Nilidhani geji mbovu. Nikanunua nyingine. Ikafanya vilevile.

Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba kompyuta ilikuwa inanifanyia nilichostahili. Imeandikiwa kiasi cha hewa inachokitaka. Ikiona kimezidi, inakifungua kipepeo na ile ziada inarudi ilikotoka. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa pesa ili rota zizunguke haraka zaidi, zinyonye nguvu nyingi zaidi za kranki, zitafune hewa nyingi zaidi, halafu hewa hiyo iliyoongezwa irudishwe mlangoni. Tena ilirudi ikiwa imepata moto. Ukiipampu baiskeli, shika shina la pampu, utaelewa. Rota za aina hii hazisifiki kwa ufanisi. Tukichukulia ni asilimia 55, hewa ya Dar ya nyuzi 32 ikibanwa mpaka bar 0.4 inatoka na nyuzi 90 kasoro kidogo, na ikibanwa mpaka 0.6 inapita 110. Intakula inapoza, ndiyo, lakini intakula yenyewe inasubiri upepo, na Ubungo saa 11 jioni hakuna upepo. Niliwahi kuunganisha simu kwenye soketi ya kusomea kompyuta nikiwa kwenye foleni hapo, joto la hewa inayoingia silinda likaonyesha 71. Hewa ya moto inafanya petroli iwake kabla ya wakati, kompyuta inasikia pistoni zinaanza kugonga, inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche, gari linazidi kuwa zito. Stika ndani ya kifuniko cha tangi inataka petroli ya okteni 95, ile isiyogonga haraka, na mimi nilikuwa naweka yoyote ya kituo chenye foleni fupi.

Hapo mtu mwenye akili angerudisha puli ya kwanza. Fundi wangu, yule kijana, alikuja na wazo lingine. "Kaka, kama kompyuta ndiyo inafungua, si tunaifunga tu hiyo baipasi?" Akachukua waya wa kufungia, akaubana mkono wa kipepeo ukae umefunga daima. Dakika kumi. Hakunitoza hata shilingi. Taa ya injini ikawaka siku ya pili, akaniambia hiyo niizoee. Nami nikaizoea, maana geji sasa ilikuwa inasimama 0.55, haitikisiki.

Kitu kimoja hatukukiwaza, mimi wala yeye. Kwenye injini hii throtoli iko baada ya kompresa. Ukiachia mafuta, throtoli inafunga, lakini kompresa haijui, inaendelea kusukuma kwa kasi ya injini. Siku zote hewa hiyo huwa inapata njia kupitia baipasi. Sisi njia tulikuwa tumeifunga kwa waya. Kila nilipoachia mafuta nilikuwa nabana hewa kwenye mipira miwili ya kupitishia hewa na intakula, kama mtu anayejaza puto bila kujua litapasuka lini.

Mjini haikunipata. Ilinipata Pasaka ya 2019, tunakwenda ukweni, mke wangu pembeni na watoto wawili nyuma. Nilitoka Morogoro nikiwa na furaha ya kumwinda shemeji. Tukaingia hifadhi ya Mikumi, na pale barabara kuu inapita katikati ya wanyama kama kilomita 50, kuna kikomo cha mwendo, na ukimgonga mnyama unalipa kwa jinsi alivyo. Nikaliona bango, nikaachia mafuta ghafla. Ukasikika mlipuko mmoja mfupi chini ya boneti, kama chupa ya plastiki imekanyagwa na lori, sijui niueleze vipi, kisha gari likaanza kukohoa na nyuma yetu moshi mweusi.

"Tumepasukiwa tairi?" mke wangu akauliza.

Nikasema hapana. Nilijua ni nini. Mpira wa kutoka kwenye intakula ulikuwa umefyatuka, na mahali pale hairuhusiwi kushuka. Kundi la swala lilinyanyua vichwa likatutazama. Sensa ya hewa iko mwanzoni kabisa, kabla ya kompresa, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inahesabu hewa inayoingia na kuimwagia petroli yake kamili, wakati hewa yenyewe inamwagikia barabarani. Petroli bila hewa, ndiyo ule moshi. Tulitambaa kwa kilomita 25 kwa saa mpaka Mikumi mjini, mabasi yanatupita yakilia. Pale nikaazima plaizi na bisibisi kwa mtu wa duka la spea za pikipiki, nikaurudisha mpira, nikaikaza klipu, halafu nikaingiza mkono na kuukata ule waya. Niliunguza vidole kwenye chuma cha moto na sikulalamika kwa sauti.

Kitonga tuliipanda nyuma ya malori, kwa adabu. Nilipofika ukweni nikamweleza shemeji kwamba tumechelewa kwa sababu ya mvua Morogoro. Mke wangu alinitazama tu.

Niliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee, na nilikwenda mapema kabla hajashika spana. Nikamsimulia yote, hata waya. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Mwanzoni kabisa, kabla hujaanza hayo yote, gari lilikuwa na tatizo gani?" Nikasema lilikuwa zito Kitonga, juu ya mizunguko 4,000. "Na hiyo geji ikasemaje huko juu?" Nikasema inashuka. Akaniuliza kama nilidhani inashuka kwa kuchoka.

Alianza na mkanda. Ulikuwa uking'aa kama ngozi ya kiatu kipya, na pembeni mwa puli kulikuwa na vumbi jeusi. Tenshona ilikuwa imelegea springi. Mzigo ukiwa mdogo mkanda unashika. Mizunguko ikipanda na rota zikawa nzito, unateleza, kompresa inabaki nyuma ya injini, na mshale unashuka. Puli yangu ndogo iliuzidishia ubaya, maana mkanda ulikuwa na eneo dogo zaidi la kushikia. Mkanda huohuo unazungusha altaneta na pampu ya maji, kwa hiyo sikukosa nguvu tu, nilikuwa karibu kuchemsha injini. Kisha akachanganya sabuni na maji, akapaka kila kiungo cha mpira huku mwenzake akiingiza upepo kidogo kwenye njia ya hewa. Mpira mmoja ukatoa povu. Chini zaidi, mahali pasipoonekana mpaka uweke kioo, mpira wa briza, ule wa kupumulia injini, ulikuwa umepasuka. Huo ni ugonjwa wa injini hizi unaojulikana. Plastiki inakauka kwa joto, inapasuka, gari linakuwa na mluzi wa ajabu sailensa na mizunguko inacheza. Mimi mluzi huo nilidhani ndiyo sauti ya kompresa, na nilikuwa nikiwasifia watu.

Nitoke nje ya mada kidogo, kwa faida ya mwenye gari kama hili. Wakati boneti iko wazi, chomoa soketi za sumaku za kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, kule mbele ya injini uangalie kama ndani kuna oili. Zikianza kuvuja, oili inatambaa ndani ya waya kama maji kwenye utambi mpaka inafika kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo gharama itakayokufanya uliuze gari kwa hasira. Langu lilikuwa kavu. Ndiyo bahati pekee niliyokuwa nayo mwaka ule.

Tenshona mpya, mkanda mpya, mpira wa briza mpya, klipu mpya, baipasi ikasafishwa utandu wa oili, puli ya kiwandani ikarudi. Yote kwa jumla yalinigharimu chini ya nilichotumia kwenye geji mbili, kidude cha shaba, puli ya kuchonga na mafuta ya kwenda Kibaha bila sababu. Nikawasha, nikaingia barabara ya Morogoro, nikakanyaga.

Geji ikaonyesha 0.46. Na haikushuka.

Nilipiga usukani kwa furaha. Puli ya kiwandani, na namba kubwa kuliko ile 0.4 ya mwanzo! Nikampigia Mzee simu papo hapo. Akasema vizuri, halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Linakwenda?" Nikasema geji ni 0.46. Akarudia, kwa sauti ileile: "Nimekuuliza, linakwenda?"

Halikuwa linakwenda. Chini lilikuwa jepesi, kuanzia 4,000 likawa kama mtu anayepumua kupitia kitambaa. Nilikuwa sijalisikiliza gari, nilikuwa nasoma geji.

"Lete," Mzee akasema. "Abiria wamekwama mlango wa nyuma."

Ile petroli mbichi iliyotoka na moshi mweusi kutoka hifadhini hadi Mikumi mjini ilikwenda kuwakia kwenye masega, lile chujio la moshi lililo kwenye ekzozi. Alipolifungua, sehemu ya masega ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama sukari guru. Injini ilikuwa inashindwa kutoa pumzi. Moshi usipotoka, hewa mpya haipati nafasi silinda. Konda naye haachi kusukuma, na kompyuta, ikihesabu hewa inayoingia haijazidi, haikifungui kipepeo. Kwa hiyo watu wanabanana zaidi, na geji, ambayo kazi yake ni kupima kubanana, inapanda. Ile 0.46 niliyoishangilia ilikuwa kipimo cha ugonjwa.

Niliweka masega mengine. Kuna waliosema nitoboe bomba libaki tupu, nami sikutaka, nimeshapumua moshi wa kutosha wa gari langu mwenyewe. Siku ya kulijaribu Mzee alikaa pembeni yangu. Mshale ulifika 0.4, ukatulia. Kwa mwezi mmoja uliotangulia namba hiyo ingenihuzunisha. Lakini gari lilipita 4,000, likapita 5,000 likivuta vilevile, na Mzee akashika kile kishikio cha juu ya mlango, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

Kidude cha shaba nilimuuzia jirani mwenye Subaru. Kwake kilifanya kazi vizuri, labda vizuri mno. Kila nikisikia anaondoka asubuhi, naomba Mungu aziangalie pistoni zake.

Desemba iliyofuata tukapanda tena kwenda Iringa. Safari hii nilikuwa na zoezi langu. Asubuhi Dar, kabla ya kuwasha injini, niliwasha swichi tu na kuisoma presha ya hewa kwenye simu. Injini ikiwa imezima, sensa ya kwenye manifoldi, bomba la mwisho la hewa kabla ya silinda, inapima hewa ya nje tu. Ilikuwa kilopaskali 101, yaani bar 1 na ushee kidogo. Tukala Morogoro, tukapita Mikumi nikiwa nimeanza kupunguza mwendo mita mia tano kabla ya bango, tukavuka Ruaha Mbuyuni, tukaianza Kitonga. Malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida. Lilipopatikana eneo pana, nikaingiza gia ya 3, nikakanyaga, tukapita lori moja, la pili, la tatu. Juu kabisa mshale ulikuwa umeshuka kidogo, kwenye 0.34 hivi.

Mke wangu, ambaye mwaka huu wote amelazimika kuijua geji hiyo kama anavyoijua luku ya nyumbani, aliinama akaitazama.

"Baba watoto, mbona imepungua? Imeharibika tena?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu Chalinze. Nikamwambia haijaharibika. Nikamweleza kwamba huku juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, presha ya nje ni kama kilopaskali 84 badala ya 101. Kompresa haiongezi kiasi maalumu, inazidisha. Dar inachukua 101 inafanya 141. Huku inachukua 84 inafanya karibu 118. Geji inasoma tofauti tu, kwa hiyo inaonyesha umepoteza 0.06, kitu kidogo, wakati injini yenyewe imepoteza kama moja ya sita ya hewa yake yote. Shemeji hapotezi kiasi hicho kwa sababu tabo, hewa ikipungua, inaweza kuzunguka haraka zaidi kufidia, mpaka ifike kikomo chake, ndiyo maana siku ile alinipita kirahisi, ukiachilia mbali mkanda. Kwa hiyo, nikamwambia, ukitaka kulinganisha Dar na Iringa lazima uongeze presha ya nje kwenye namba ya geji, na ukiongeza...

Tulikuwa tumefika Ilula. Pembeni mwa barabara nyanya zilikuwa zimepangwa kwenye ndoo, wauzaji wanazipungia gari. Nikageuka kumuuliza tununue ndoo ngapi za mama mkwe. Alikuwa ameegemea kioo, amelala, na mtoto wetu mdogo huko nyuma akaweka kidole mdomoni mwake kunionya nisimwamshe.